Usiku wa Upepo Ulionifundisha Kusikiliza

Wenzetu wa Njombe na Mbeya wakimsikia mtu wa Kigoma akilalamikia baridi, hucheka. Wao wanaijua baridi ya kuota moto asubuhi na kuvaa sweta mbili. Kigoma ni nchi ya ziwa na michikichi, nchi ya joto. Hata mwezi wa Julai, mchana mtu hutafuta kivuli cha mwembe. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatujiandai kwa kipupwe. Tunasema baridi si ya kwetu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo miaka mingi, tena nikiwa muuguzi mwenye stashahada, mpaka usiku mmoja wa Julai mwaka 2016 nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Akina mama wenzangu, habari hii sikupenda kuisimulia, kwa maana kosa lililomo ni langu. Niliisimulia mara moja katika kikundi chetu cha akina mama kanisani. Baada ya ibada walinifuata mama watatu, mmoja mmoja, kila mmoja na lake la kunong'ona. Hapo nikaona vema niiandike.

Nyumbani kwa mume wangu ni kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini mwa Kibirizi, upande wa kuelekea Gombe. Siku zile tulikuwa tukienda kwa boti za abiria. Nyumba zimebanwa kati ya maji na milima. Ukifungua mlango wa mbele unaliona ziwa na, siku ya anga safi, milima ya Kongo ng'ambo. Ukifungua mlango wa nyuma, hatua chache tu unaanza kupanda mlima.

Wifi yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, alijifungua mtoto wake wa kwanza kabla ya wakati. Alijifungulia hospitalini mjini, mtoto wa kike mwenye kilo 1 na gramu 900. Alikaa huko siku kumi na mbili, mtoto akanyonya vizuri, akafikisha kilo 2, wakaruhusiwa. Wifi alitaka kulelewa na mama yake, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Mimi nikachukua likizo ya wiki mbili niwasindikize. Pale kijijini watu wote waliniita daktari, ingawa niliwaambia mara nyingi kwamba mimi ni muuguzi. Nikiri kwamba baada ya siku tatu niliacha kuwasahihisha.

Hospitalini wifi alikuwa amefundishwa kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge. Nyumbani akaanza kuona haya mbele ya wageni. Tena mchana kulikuwa na joto, akawa anamlaza kitandani kama mtoto mwingine yeyote. Nililiona jambo hilo na sikusema kitu. Mtoto alikuwa akinyonya, na mimi nilikuwa likizoni.

Jumamosi ile ziwa lilitulia kabisa. Maji yalilala kama mafuta kwenye sahani. Vumbi na moshi wa kiangazi vilikuwa vimeificha milima ya Kongo kwa siku nyingi, lakini baada ya adhuhuri ikaanza kuonekana, kilele kimoja kimoja, kana kwamba mtu amefuta kioo. Mimi niliona uzuri wa kazi ya Mungu. Mama mkwe aliona jambo jingine. Alisimama ukumbini, mkono juu ya macho, akatazama ziwa, kisha akageuka kutazama mlima. Kule ufukweni wanawake waliokuwa wameanika dagaa walianza kuwazoa na kuwatia kwenye vikapu, na jua lilikuwa bado juu. Usiku ule haukuwa na mbalamwezi, usiku wa kazi kwa wavuvi wa dagaa, lakini vijana walikuwa wakivuta mitumbwi nchi kavu.

"Mwanangu," aliniambia, "leo upepo utashuka. Tuingize kuni, na mawe yaongezwe juu ya bati. Na mtoto asiogeshwe jioni hii."

Sasa sikilizeni. Kesho yake, Jumapili, wanawake wa kanisa la pale kijijini walikuwa waje kumpongeza wifi na kumwombea mtoto. Nilikuwa nimenunua mjini sabuni ya mtoto, mafuta, na kigauni cheupe chenye lesi. Mtoto alinuka moshi wa jikoni. Nilijua wageni watamshika mmoja baada ya mwingine, na nilijua watasema kwamba mtoto huyu analelewa na wifi yake ambaye ni daktari. Nilitaka anukie vizuri.

"Mama," nikamjibu, "maji nimeyapasha moto. Hayo ya kuogopa upepo ni mambo ya zamani."

Nilisema hivyo mbele ya binti yake na mbele ya watoto wa jirani. Mama mkwe hakunijibu. Alichukua kanga yake akaenda kukusanya kuni peke yake.

Nami nikamwogesha mtoto yule saa kumi na mbili na nusu, jua likizama.

Jambo linaloniuma ni kwamba sikuwa na udhuru wa kutojua. Nilifundishwa chuoni, na nimewafundisha wengine, kwamba mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo haogeshwi ovyo, achilia mbali jioni. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, na joto hupotea kwa njia hiyo. Hawezi kutetemeka kama sisi ili ajipashe moto. Maji yakikauka juu ya ngozi yake huondoka na joto lake. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Kigauni cheupe kilikuwa na nguvu kuliko stashahada yangu.

Upepo ulishuka mnamo saa tatu za usiku. Haukutoka ziwani kama nilivyotazamia. Ulitoka mlimani, nyuma ya nyumba, kwa mkupuo mmoja, kama gari linaloteremka bila breki. Mlango wa nyuma ulifunguka wenyewe. Taa ilizimika. Vumbi la mlima mzima likaingia ndani pamoja na majani makavu, na baridi yake ikapenya mashuka. Tukasikia misumari ikilia juu ya paa, kisha mabati mawili ya chumba cha wifi yakang'oka. Yalitua mbali, upande wa mgomba, kwa kishindo kilichofanya mbwa wote wa kijiji walie. Tulikuwa tukitazama nyota kutoka kitandani.

Tulihamia chumba cha mama mkwe, chumba kimoja chenye dirisha dogo. Katika purukushani ile ya kubeba godoro na kutafuta tochi, mtoto alikuwa amefungwa kwenye shuka mikononi mwa mama yake. Hakulia. Nilifurahi kwamba halii. Ilipita karibu nusu saa kabla sijajiuliza kwa nini halii.

Nilimgusa mguu. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikagusa tumbo, nalo lilikuwa la baridi. Wifi alipompa ziwa, aliligusa kwa midomo akaliacha. Nilikuwa na kipimajoto katika mkoba wangu. Kilisoma 34.9. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Nikarudia kupima, kwa kuwa sikutaka kuamini, nacho kikanipa jibu lile lile.

Wakati huo mama mkwe aliingia akibeba jiko la mkaa lililokolea vizuri, akaliweka kando ya godoro, akafunga mlango na kuanza kuziba dirisha kwa gunia. Alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Nami nikajua kwamba katika chumba kile, kilichozibwa namna ile, mkaa ungeweza kutumaliza sote wanne kabla ya asubuhi. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, tena huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia usingizi mzito, na wengi hawaamki.

"Mama, jiko litoke nje," nikasema.

Alinitazama. Mwanga wa mkaa ulikuwa usoni pake. "Mtoto amepoa," akasema, "nawe unataka moto utoke?"

Ningemlaumu vipi? Saa tatu kabla ya hapo nilikuwa nimemdharau, na upepo ukaja kama alivyosema. Neno langu lilikuwa limekwisha thamani ndani ya nyumba ile. Nilikuwa na ukweli mdomoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejinyang'anya haki ya kusikilizwa.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya udongo. Sikupanga kufanya hivyo. Nikamwambia, "Mama, nimekosa. Ulinikataza kumwogesha nikakudharau, na kosa ni langu, si la upepo. Lakini kwa hili moja nakuomba unisikilize. Moshi usioonekana wa jiko hili utatuua. Joto la kumponya mtoto lipo, liko mwilini mwetu."

Alikaa kimya kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha akashika jiko kwa kanga, akalitoa mpaka ukumbini, akaacha mlango wazi kidogo.

Wifi alikuwa akitetemeka kwa baridi na hofu, mwili wake mwenyewe hauna joto. Nikafungua blauzi yangu, lakini nami nilikuwa nimelowa jasho la baridi. Mama mkwe akasema, "Mlete kwangu." Akaketi akiegemea ukuta, akafungua kifua chake, kifua cha mama aliyenyonyesha watoto tisa. Tukamvua mtoto kile kigauni cheupe, tukamwachia nepi kavu, kofia na soksi, tukamlaza wima katikati ya maziwa ya bibi yake, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri. Tukawafunga pamoja kwa kitenge, juu yake blanketi. Wifi tukamfunika, tukampa uji wa moto. Alipopata joto alikamua maziwa, nami nikamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kikombe.

Baada ya saa mbili kipimajoto kilisoma 35.8. Saa tisa za usiku, 36.3. Nje upepo uliendelea kupiga kama mtu mwenye deni la kudai. Tuliomba, lakini hatukuomba kwa maneno mengi. Mama mkwe hakubadilisha mkao wake hata mara moja.

Alfajiri, mtoto alipoanza kulia kwa njaa, kilio kizuri chenye hasira, mama mkwe alisema neno ambalo sitalisahau. Mume wangu ndiye anayehesabiwa mtoto wa kwanza katika nyumba ile. Sote tulijua hivyo, na yeye mwenyewe anajua hivyo. Mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, bila kututazama:

"Kabla yake alikuwapo mwingine. Wa kike. Mdogo kama huyu. Ulikuwa upepo kama huu. Tulimlaza kando ya moto, tukafunga mlango. Asubuhi alikuwa amekwenda. Nami kichwa kiliniuma siku mbili." Akanyamaza, akatazama kule ukumbini jiko lilipokuwa limebaki majivu. Kisha akaniuliza, "Ule moshi ulisema hauonekani?"

Nilisema, "Ndiyo, mama." Sikuongeza neno. Naye hakuuliza zaidi.

Wageni walikuja Jumapili mchana. Walikuta nyumba haina paa upande mmoja, na mtoto hayupo kitandani. Alikuwa ndani ya kitenge cha mama yake, inaonekana kofia tu. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyeona kigauni wala kusikia harufu ya sabuni. Waliimba, wakaomba, na waume zao wakaenda kuyatafuta mabati. Ziwa lilichafuka siku ile nzima, boti hazikutoka. Jumatatu upepo ulipopungua tulivuka mpaka Kibirizi, mtoto akiwa kifuani mwa mama yake njia nzima, tukaenda hospitali apimwe. Alikutwa salama. Leo yuko shule ya msingi, na tatizo lake kubwa ni hesabu za kugawanya.

Baadaye nilitaka kuelewa upepo ule. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670, tena ni la pili duniani kwa kina. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba pepo za kusini mashariki huvuma kufuata urefu huo, zikisukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini. Huko kusini maji ya chini hupanda yakiwa na rutuba, nayo ndiyo hulisha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa. Kwa hiyo upepo unaotutisha ndio pia unaotulisha. Usiku huongezeka jambo jingine: nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa baridi ya milimani huwa nzito, huteremka kwenye mabonde kuelekea ziwani. Mama mkwe hakusoma hayo popote, lakini aliishi kati ya mlima na maji miaka sitini, na aliyajua kwa macho yake.

Kuhusu kumlea mtoto kifuani, utaratibu huo ulianzishwa hospitalini na Dk. Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kutunzia watoto zilikuwa hazitoshi. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Ulionyesha kwamba watoto wa uzito mdogo wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja, vifo hupungua kwa robo. Dawa hiyo haiuzwi. Kila mama anayo.

Basi, wapendwa, kipupwe kinapokaribia naomba tukumbuke mambo machache. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, asiogeshwe jioni. Akiogeshwa iwe mchana wa joto, kwa muda mfupi, akaushwe mara moja kuanzia kichwani. Avae kofia na soksi usiku. Mguse miguu na tumbo kwa mgongo wa mkono wako. Miguu ikiwa ya baridi, mpashe joto kifuani upesi. Tumbo likiwa la baridi, au amelegea, au anakataa ziwa, ni hatari: mweke kifuani na uende naye kituo cha afya akiwa hapo hapo kifuani. Usione haya mbele ya wageni. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata kama ni dogo, hata kama mkaa unaonekana umekwisha. Na tusikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo mkali, kisha tumsikilize na bibi aliyesimama ukumbini akitazama mlima.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma habari za safari ya Paulo. Aliwaonya wasiondoke, lakini akida aliwaamini zaidi nahodha na mwenye chombo, watu wa kazi yao. Upepo mwanana wa kusini ukawadanganya, na muda si mrefu upepo wa tufani ukashuka kutoka nchi kavu. Zamani niliposoma sura hiyo nilijiona upande wa Paulo. Siku hizi najua mimi nilikuwa nahodha.

Mama mkwe wangu bado yu hai. Nikienda nyumbani mwezi wa Julai, kabla sijafungua mzigo humwuliza, "Mama, leo upepo unasemaje?" Naye hutoka ukumbini, huweka mkono juu ya macho, hutazama ziwa, hugeuka kutazama mlima. Kisha huniambia. Na jiko, hata siku ya joto, hulitoa nje mwenyewe kabla ya kulala.